Bomba Nusu ni Hasara Nzima

Ndugu mkulima, ukitembea katika mashamba ya skimu siku hizi utaona nyumba kadhaa ambazo zimeacha mafiga matatu na kupata jiko la kuni la chuma, au jiko la matofali lililojengwa na fundi. Hayo ni maendeleo, nasi twayasifu. Lakini tazama pia bomba la moshi la jiko hilo, ambalo mafundi huliita chimni. Mara nyingi utaona limepenya ukuta na kuishia papo hapo, chini ya ukingo wa paa. Mahali pengine halikufika hata ukutani; limesimama kidogo tu juu ya jiko, na moshi wajaa jikoni kama zamani. Mwenye nyumba akiulizwa hujibu, "Fedha zilikwisha. Bomba nitalimaliza mwakani."

Maoni yetu ni kwamba mtu huyo amepoteza fedha zake zote, wala si nusu. Bomba si pambo la jiko. Bomba ni nusu ya jiko lenyewe. Kama fedha zako ni chache, nunua jiko la bei ndogo na bomba kamili, usinunue jiko kubwa na bomba nusu. Na kama fedha hazitoshi hata kwa hilo, afadhali ungoje mavuno mengine. Tutaeleza sababu zetu, kisha wewe mwenyewe uamue.

Moshi unakula nini nyumbani mwako

Mashamba mengi ya skimu yako mahali pa baridi. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, wakulima wengi walipewa mashamba katika nyanda za juu, kama vile Kinangop na Ol Kalou, mahali palipo zaidi ya futi 7,000 juu ya bahari. Leo ni watoto wao na wajukuu wao wanaolima huko, na baridi ya Julai ni ile ile. Mahali pa joto mama hupika mlango ukiwa wazi, au hupika nje chini ya mti. Kwetu mlango hufungwa na dirisha huzibwa kwa gunia. Moshi haupati njia, nao hukaa na watu.

Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019, zaidi ya nusu ya nyumba zote za Kenya zilikuwa zikipikia kuni. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu milioni 3.2 ulimwenguni, na katika hao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000. Moshi huo huleta nimonia kwa watoto, huharibu mapafu ya mama, huumiza moyo, na hutia macho ukungu. Mtoto anayebebwa mgongoni wakati wa kupika huvuta moshi ule ule anaovuta mama yake, na mapafu yake ni madogo.

Wewe mwenye ng'ombe wa maziwa una sababu nyingine. Maziwa hushika harufu upesi. Ukiweka debe lako katika jiko lenye moshi usiku kucha, asubuhi yatanuka moshi, na karani wa kupokea maziwa aweza kuyakataa. Kumbe umelisha ng'ombe, umekamua, umebeba, na faida imetoka na moshi.

Huenda ukauliza, je, bomba kweli linasaidia? Lilijaribiwa katika milima ya Guatemala, nchi ya Marekani ya Kati, mahali pa baridi ambapo wakulima wadogo hupika kwa kuni kama sisi. Kuanzia mwaka 2002 nyumba zaidi ya 500 zilifuatwa. Nusu yake zilipewa jiko lenye bomba, na nusu zikangoja na moto wao wa wazi. Katika nyumba zenye bomba, sumu ya moshi waliyoivuta watoto wachanga ilipungua kwa nusu, na nimonia iliyo kali sana ilipungua kwa karibu theluthi moja. Haikuisha, lakini ilipungua. Tena ukumbuke kwamba majiko yale yalikaguliwa mara kwa mara, na yaliyoharibika yalitengenezwa. Hapo ndipo siri ilipo.

Kwa nini moshi hupanda

Ukitaka kumsimamia fundi vizuri, yafaa ujue kazi ya bomba. Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa ya baridi, kwa hiyo hupanda. Bomba likijaa hewa ya moto, hewa hiyo hukimbilia juu, na ikiondoka huvuta hewa nyingine kutoka jikoni ipite katika kuni. Hivyo bomba hufanya kazi mbili: linatoa moshi, na linapuliza moto. Bomba refu lililosimama wima huvuta kwa nguvu. Bomba fupi halivuti. Bomba lenye kona nyingi huzuia moshi, kama mfereji wa maji wenye mapindo mengi. Na bomba lililopitishwa nje ya ukuta hupoa kwa baridi, na likipoa, moshi huzubaa humo na kurudi chini.

Sasa waona kosa la bomba linaloishia chini ya ukingo wa paa. Ni fupi, lina kona, na mdomo wake uko mahali ambapo upepo ukipiga ukuta husukuma moshi urudi ndani. Mama huvumilia wiki mbili, kisha hurudia mafiga matatu, na jiko la fedha nyingi linakuwa kabati ya sufuria. Hiyo ndiyo hasara nzima tunayoisema.

Katika baadhi ya skimu bado ziko nyumba za zamani za walowezi, zenye dohani ya mawe. Kama iko moja karibu nawe, nenda uitazame mahali inapoishia. Haikomi ukutani. Imepanda mpaka ikapita mgongo wa paa. Waliojenga hawakufanya hivyo kwa urembo.

Bomba liwekwe namna gani

Kwanza, chagua mahali pa jiko kwa kutazama juu, si kwa kutazama chini. Simama unapotaka jiko likae, kisha tazama paa. Bomba liweze kupanda wima bila kugusa mbao. Mahali pazuri ni karibu na mgongo wa paa, maana bomba litabaki ndani ya nyumba lenye joto, na kipande cha nje kitakuwa kifupi. Kama kuna mbao ya paa juu yako, sogeza jiko. Usiliache jiko pale pale na kulipinda bomba. Kama kona ni lazima, zisizidi mbili, na kipande kinacholala kiwe kifupi na kipande kuelekea juu.

Pili, pima urefu kabla ya kununua. Mdomo wa bomba upite paa kwa futi 3 mahali linapotokea, tena uwe juu kwa futi 2 kuliko kitu chochote kilicho karibu nalo kwa futi 10, kama vile mgongo wa paa. Tufanye hesabu. Kama mgongo wa jiko lako uko futi 12 kutoka sakafuni, na bomba latoka karibu nao, mdomo wake uwe futi 14 au 15 kutoka sakafuni. Ikiwa tundu la jiko liko futi 3 kutoka sakafuni, wahitaji bomba la futi 11 au 12. Vipande vikiwa vya futi 3, nunua vitano, kwa kuwa kila kimoja huingia kidogo ndani ya mwenzake. Sasa wajua bei ya bomba kabla hujatoa hata shilingi moja ya jiko.

Tatu, upana. Tundu la jiko likiwa inchi 6, bomba liwe inchi 6 mpaka juu. Usikubali fundi akupunguzie kipande cha inchi 4 kwa sababu ndicho kilichobaki dukani. Kipande cha kwanza kutoka jikoni kiwe cha chuma cheusi kinene, maana hapo moto ni mkali, na bati lililopakwa zinki likipata moto mkali hutoa mvuke wenye madhara. Bomba la plastiki lisitumike kamwe, hata kwa kipande cha juu.

Nne, namna ya kuunganisha. Ncha nyembamba ya kila kipande itazame chini, iingie ndani ya kile cha chini yake. Watu wengi hufanya kinyume wakidhani moshi utapita vizuri zaidi. Lakini moshi ukipoa hutoa maji meusi kama lami, na maji hayo hutiririka chini. Ukiunganisha kinyume, yatatoka kwenye viungo na kuchafua bomba na ukuta. Ukiunganisha sawa, yatarudi ndani ya jiko na kuungua. Kila kiungo kifungwe kwa skrubu tatu ili upepo usilitikise bomba likaachana. Bomba la juu ya paa lishikwe kwa waya ngumu pande tatu.

Tano, moto na mbao. Hapa twakuomba usifanye haraka. Nyumba nyingi za skimu zina kuta za mbao au mabanzi. Mbao iliyo karibu na bomba la moto haiwaki siku ya kwanza. Hukauka, hugeuka rangi, na baada ya miezi au miaka hushika moto usiku watu wamelala. Bomba la bati moja likae inchi 18 kutoka kwa mbao yoyote, na jiko la chuma likae futi 3 kutoka kwa ukuta wa mbao. Kama nafasi ni ndogo, simamisha bati baina ya jiko na ukuta, lakini usilipigilie moja kwa moja juu ya mbao. Acha inchi moja ya wazi nyuma yake, na chini na juu pawe wazi, ili hewa ipite na kupoza. Sakafu ikiwa ya mbao, weka matofali au mawe chini ya jiko na mbele ya mlango wake. Kama paa lako ni la nyasi, au jikoni mna dari, usipitishe humo bomba la bati moja. Afadhali ujenge jiko katika banda la mabati peke yake, au ununue bomba la kuta mbili lenye kizuizi cha joto katikati.

Sita, mvua. Hofu ya paa kuvuja ndiyo inayowafanya wengi watoboe ukuta badala ya paa. Hofu hiyo ina dawa. Chukua bati laini la kuzuia maji, lenye tundu la kiasi cha bomba. Upande wake wa juu uingie chini ya bati la paa lililo juu, na upande wake wa chini ulale juu ya bati la chini. Maji yatapita juu yake kama yanavyopita juu ya mabati mengine. Kisha lifunge bomba ukosi wa bati juu kidogo ya tundu, na juu kabisa uweke kofia. Kofia isikae karibu sana na mdomo, maana hapo utakuwa umeziba moshi kwa mkono wako mwenyewe.

Maneno ya wanaopinga

Wako wazee wasemao kwamba moshi una faida: hukausha mahindi darini, hufukuza wadudu, na huhifadhi nyasi za paa. Hawasemi uongo. Nyumba ya nyasi iliyopata moshi hudumu zaidi. Lakini paa lako leo ni la mabati, na mabati hayahitaji moshi. Masizi na maji yake meusi huyaozesha. Mahindi nayo yana ghala lake. Tusimwache mtoto akohoe kwa ajili ya kazi ambayo haipo tena.

Wengine husema, "Mimi nina jiko la udongo linalokula kuni kidogo, yatosha." Ni kweli kwamba jiko kama lile liitwalo Maendeleo, lililoenezwa katika miaka ya 1980 pamoja na chama cha Maendeleo ya Wanawake, limewaokolea akina mama mizigo mingi ya kuni. Hatulidharau hata kidogo. Lakini halina bomba. Kuni zilizopungua ni jambo moja, na moshi uliotoka nje ni jambo la pili. Mwenye jiko hilo afungue dirisha na kuacha nafasi chini ya paa, huku akiweka akiba.

Wako pia wasemao kwamba bomba linapoteza joto. Joto kidogo hupotea, ndiyo. Lakini jiko lililofungwa lenye bomba zuri huacha joto katika chuma chake na katika bomba lenyewe linalopita ndani ya nyumba, na huweza kuchemsha maji ya kuoshea viwele na madebe huku chakula kikipikwa. Moto wa wazi hupeleka joto jingi hewani tu, na moshi unabaki kwako.

Na liko neno ambalo halisemwi barazani. Katika nyumba nyingi, anayetoa fedha si yule anayeingia moshini. Baba akirudi hukuta chakula tayari, macho yake hayatoki machozi. Kwa hiyo bomba lamwonekea kama jambo la baadaye. Bwana mkulima, kabla ya kusema fedha zimekwisha, pika ugali wa jioni mwenyewe kwa siku tatu, mlango ukiwa umefungwa. Siku ya nne utakuwa dukani ukipima mabomba.

Bomba lataka kutunzwa

Bomba likisimama, kazi haijaisha. Kuni mbichi ndizo adui wake mkubwa. Mti uliokatwa leo waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiuchoma, moto hutumia nguvu zake kukausha maji, moshi huwa mzito na wa baridi, na lami hushika ndani ya bomba. Pasua kuni zako, zipange chini ya paa mahali penye upepo, uziache miezi sita au zaidi. Kuni za msimu huu wa baridi zilitakiwa kukatwa mwaka jana. Mkulima anayejua kupanga mbegu kabla ya mvua hashindwi kupanga kuni.

Gonga bomba kwa kijiti mara moja kwa mwezi. Likilia wazi, ni safi. Likilia zito, lina masizi. Jiko likiwa limepoa kabisa, lisugue kwa brashi ya waya, au kwa gunia lililojazwa nyasi kavu na kufungwa kamba yenye jiwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Masizi mengi yakishika moto hunguruma ndani ya bomba kama lori linalopanda mlima. Hilo likitokea, funga mlango wa jiko na matundu yote ya hewa, toa watu nje, uwaite majirani. Usimwage maji ndani ya bomba la moto.

Majivu yatiwe katika ndoo ya bati yenye kifuniko, yakae nje mbali na ghala na majani ya ng'ombe, kwa siku kadhaa kabla ya kuyapeleka shambani. Kaa lililofichwa katika majivu huishi muda mrefu kuliko udhaniavyo.

Jambo la mwisho ni la uhai. Makaa yanayofifia hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Kila msimu wa baridi twasikia habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani wakakutwa wamekufa. Jiko la makaa halina bomba, kwa hiyo lisiingie chumba cha kulala hata kama watoto wanatetemeka. Na jiko la kuni lenye bomba, usilifunge bomba lake makaa yakiwa hai, hata ukitaka joto lidumu mpaka asubuhi. Acha pia tundu la kuingizia hewa jikoni, maana bomba haliwezi kutoa kile ambacho hakiingii.

La kufanya sasa

Basi, ndugu mkulima, usianze dukani. Anza jikoni mwako na kamba ya kupimia. Pima kutoka sakafuni mpaka mgongoni, tafuta nafasi baina ya mbao, andika idadi ya vipande. Ndipo uulize bei ya bomba, na fedha zitakazobaki ndizo zikuonyeshe jiko la kununua. Kama uko katika chama cha ushirika au kikundi cha akina mama, ulizeni bei kwa pamoja. Mwenye duka humsikia anayenunua vipande hamsini kuliko anayenunua vitano. Fundi asilipwe shilingi ya mwisho mpaka jiko limewashwa mbele yako, mlango wa nyumba ukiwa umefungwa. Kama moshi unarudi ndani, kazi yake bado haijaisha.

Ardhi ya skimu ilitafutwa kwa taabu nyingi ili watoto waishi vizuri juu yake. Haifai mtoto aliye na shamba, ng'ombe na shule akose hewa safi nyumbani kwao kwa sababu ya vipande viwili vya bati vilivyoachwa dukani.